Bloku 60 za nta na hadubini moja: kuona protini za uvimbe bila PET

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea patholojia, niko Moshi, na utafiti wangu wa uzamili unahusu saratani ya matiti. Nina bloku 60 za nta na hadubini ya mng'ao yenye vichujio vinne. Nataka kuona seli za ulinzi za CD8, protini ya PD-L1 inayozima mashambulizi ya seli hizo, na tishu inayouzunguka uvimbe. Msimamizi wangu amesema nitumie "upigaji picha wa molekuli", na kila ninachosoma kinanipeleka kwenye PET, mashine inayopiga picha ya dawa yenye mnururisho ndani ya mwili. Je, bila PET kazi hii haiwezekani? La pili: mwenzangu aliyeko Arusha anafuata maelekezo yaleyale ninayofuata mimi ya kuchemsha slaidi, lakini picha zake hutoka hafifu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba, daktari. Kwa swali lako PET haihitajiki, na hata ungeipata isingekujibu. Jina hilo hubeba mambo mawili. Watu wa tiba ya nyuklia wakisema upigaji picha wa molekuli, wanamaanisha mgonjwa aliye hai, dawa yenye mnururisho na mashine inayomzunguka. Watu wa tishu wanamaanisha kingamwili yenye rangi, slaidi na hadubini. Muulize msimamizi wako anakusudia lipi kabla hujaandika pendekezo, maana kamati zinazopitia pendekezo ni tofauti na gharama hazifanani hata kidogo.

Tofauti kubwa ni kipimo. Kitone kidogo kabisa ambacho PET ya hospitali inaweza kukitenga kina upana wa milimita 4 hadi 6, na ndani yake mna mamilioni ya seli. Seli moja ya CD8 ina upana wa maikroni 10 hivi. Ukitaka kujua kama seli hiyo imefika kwenye kiota cha saratani au imekwama kwenye nyuzi zinazokizunguka, PET itakupa wastani wa kiota, nyuzi na mishipa kwa pamoja. Hadubini yenye lenzi ya 20x na kamera yenye pikseli za maikroni 6.5 inakupa pikseli ya maikroni 0.325 kwenye tishu. Hapo ndipo swali lako lilipo.

Ila hadubini nayo haioni protini. Inachoona ni rangi iliyobebwa na kingamwili, ambayo huenda imeshika protini uliyoitaka, au imeshika kitu kingine, au imenasa tu kwenye ukingo wa tishu iliyokauka. Mambo yote yanayofuata ni namna ya kupunguza nafasi iliyopo kati ya mng'ao na protini yenyewe.

Anza na bloku, maana kasoro iliyoingia huko haiondolewi na hadubini yoyote. Kwa saratani ya matiti, miongozo inataka tishu iingie kwenye formalini isiyo na tindikali ya asilimia 10 ndani ya saa 1 tangu ikatwe, na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Formalini hupenya kama milimita 1 kwa saa. Titi zima lililosukumizwa kwenye ndoo ndogo, likasafirishwa kutoka hospitali ya wilaya bila kukatwa vipande, huwa limehifadhika nje na kuoza katikati. Kiasi cha formalini kinatakiwa kiwe mara 10 ya ujazo wa tishu, na vipande viwe vyembamba, milimita 5 hadi 10. Kwa bloku za zamani kumbukumbu hizi mara nyingi hazipo. Dawa yake ni kukata slaidi moja ya kila bloku na kuipaka kwanza kingamwili ya vimentini. Protini hii ipo karibu kila mahali kwenye tishu unganishi na kuta za mishipa, kwa hiyo bloku isiyoonesha vimentini haikuambii lolote PD-L1 inapokosekana. Itoe kwenye utafiti, na uandike kwamba umeitoa. Ni afadhali kubaki na bloku 48 zinazosema kweli.

Kata slaidi za maikroni 4 kwenye vioo vyenye chaji, kwa sababu tishu ya titi imejaa mafuta na hung'oka kirahisi. Zioke kwa nyuzi 60 kwa saa 1. Usikate zote 60 leo ukazipaka baada ya miezi mitatu: slaidi iliyokatwa hupoteza uwezo wa kushika kingamwili kadiri hewa inavyoigusa, na kwa vipokezi vya saratani ya matiti kikomo kinachotumika ni wiki 6. Kata kwa mafungu. Kuondoa nta kwa zailini na kushuka kwenye ethanoli unakujua tayari. Zingatia tu kwamba zailini iliyochoka huacha mabaka ya nta ambayo chini ya hadubini hufanana kabisa na sehemu isiyo na protini.

Sasa tuje kwa mwenzako wa Arusha. Formalini hufunga protini kwa madaraja ya kikemikali, na joto la kuchemsha ndilo linaloyafungua ili kingamwili ipate pa kushika. Maelekezo mengi yanasema nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20, na yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, maji huchemka karibu nyuzi 97. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, huchemka karibu nyuzi 95. Sufuria yake ya wazi haitafika 98 hata akesha anaichochea. Nyuzi mbili peke yake si nyingi, lakini mara nyingi zinaongezwa na kosa lingine: kipimajoto kinawekwa kwenye maji ya nje, wakati slaidi zimo kwenye mtungi wa plastiki uliosimama ndani ya maji hayo. Maji ya nje yakiwa 95, bafa (kimiminika chenye pH isiyobadilika kinachochemshia slaidi) ndani ya mtungi inaweza kuwa bado kwenye 89 au 90. Juu ya hapo, slaidi baridi zikiingia joto linashuka tena, na saa ya kuhesabu imeshaanza.

Kwa hiyo aweke kipimajoto ndani ya bafa yenyewe, na aanze kuhesabu dakika baada ya joto kurudi juu. Kisha achukue bloku moja ya findo, akate slaidi kadhaa, azichemshe dakika 20, 30 na 40, azipake siku moja, alinganishe. Njia nyingine ni sufuria ya presha, hii hii ya kupikia maharage: ikifika presha kamili hupita nyuzi 110 hata Arusha, na dakika 3 hadi 5 hutosha. Aiache ipoe bila kumwagiwa maji ya baridi na bila kufungua vali ghafla, maana bafa ikitibuka kwa nguvu hung'oa tishu. Na kwenye sufuria ya wazi, mvuke unapotoka bafa inakolea. Aijazie maji ya moto yaliyosafishwa, asiiache ishuke hadi vioo vichungulie.

Bafa yenyewe, kwa protini zako, ningechagua Tris-EDTA ya pH 9.0: Tris gramu 1.21, EDTA yenye sodiamu gramu 0.37, maji hadi lita 1, rekebisha pH, kisha ongeza Tween-20 mililita 0.5. Sitrati ya pH 6.0 ni nafuu na inafaa kwa mengi, lakini CD8 na PD-L1 kwa kawaida hutoka vizuri zaidi kwenye pH ya juu. Baada ya kuchemsha, acha slaidi zipoe ndani ya bafa hiyo hiyo kwa dakika 20 hadi 30.

Vichujio vinne maana yake ni kiini cha seli kwa DAPI (rangi ya buluu inayoshika DNA), halafu rangi tatu: kijani, nyekundu, na nyekundu ya mbali. Wewe unahitaji protini tano: CD8, PD-L1, na tatu za kutambua saratani na tishu inayoizunguka. Fanya kwa mizunguko miwili juu ya slaidi ileile: paka, piga picha, ua rangi, paka tena. Na hapa ndipo wengi huharibu slaidi nzima bila kujua.

Mzunguko wa kwanza weka protini adimu, CD8 na PD-L1, kwa njia ya kingamwili mbili: ya kwanza hushika protini, ya pili yenye rangi huishika ile ya kwanza. Njia hii huongeza mng'ao kwa sababu kingamwili kadhaa za pili hukaa juu ya moja ya kwanza. Chagua CD8 ya panya, kwa mfano aina ya C8/144B, na PD-L1 ya sungura, kwa mfano E1L3N, ili kingamwili za pili zisichanganye. PD-L1 ipe rangi ya Alexa 647 (nyekundu ya mbali), CD8 ipe Alexa 555 (nyekundu). Kichujio cha kijani kiache wazi kwa makusudi. Chembe nyekundu za damu, kolajeni na elastini hung'aa zenyewe, hasa kwenye kijani, na tishu inayouzunguka uvimbe wa titi ni kolajeni tupu. Picha ya kijani isiyo na rangi yoyote ndiyo itakayokuonesha mng'ao wa asili umekaa wapi, kabla hujaita kila kinachometa PD-L1.

Mzunguko wa pili weka protini zilizojaa: keratini kwa seli za saratani, aktini ya misuli laini kwa fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi), na CD68 kwa makrofaji (seli za ulinzi zinazomeza mabaki). Hizi lazima ziwe zimeshaungwa rangi kiwandani. Sababu ni hii: ukiua rangi ya mzunguko wa kwanza, kingamwili haijaondoka, imebaki palepale, haionekani tu. Ukileta kingamwili ya pili dhidi ya panya, itashika keratini yako mpya pamoja na CD8 ya jana, na utaapa kwamba seli za ulinzi zimegeuka saratani. Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi. Kingamwili ya pili ina mikono miwili, na mkono mmoja huenda bado uko wazi, unasubiri kingamwili yoyote ya panya ipite. Kwa hiyo kabla ya mzunguko wa pili, funika slaidi kwa seramu ya kawaida ya panya na ya sungura, asilimia 10, kwa dakika 30. Seramu hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na slaidi zilizoharibika.

Kuua rangi: kwa mililita 40, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 mililita 6, sodiamu haidroksaidi ya molari 1 mililita 0.8, na PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati) mililita 33.2. Slaidi zikae humo chini ya taa nyeupe ya LED kwa dakika 45, kisha badilisha mchanganyiko urudie mara moja. Tengeneza papo hapo. Mchanganyiko huu hauhifadhiki. Vaa glavu na miwani, na usiuweke kwenye chupa iliyofungwa kwa sababu hutoa gesi. Baadaye piga picha tena kabla ya kupaka chochote. Picha hiyo ndiyo msingi: mng'ao wowote uliobaki utautoa kwenye hesabu ya mzunguko wa pili.

Kati ya mizunguko kifuniko cha kioo lazima kitoke. Basi usitumie gundi inayoganda. Funika kwa gliseroli ya asilimia 50 ndani ya PBS, na ukimaliza picha simamisha slaidi kwenye PBS hadi kifuniko kiteleze chenyewe. Ukikivuta, kinaondoka na tishu.

Kipimo cha kingamwili usikichukue kwenye karatasi ya kiwandani ukakiamini. Jaribu 1:50, 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800 kwenye findo, uchague ile yenye tofauti kubwa kati ya seli chanya na mandhari ya nyuma. Ile inayong'aa kuliko zote mara nyingi ndiyo iliyonata kila mahali. Slaidi moja hutumia maikrolita 100 hivi. Kwa 1:200 hiyo ni nusu maikrolita ya kingamwili, na slaidi 60 zitakula maikrolita 30. Kichupa kimoja cha 100 kinakutosha pamoja na majaribio, ilimradi ukigawe kwenye vichupa vidogo siku kinapofika. Kukigandisha na kukiyeyusha mara kwa mara, au jokofu kuzimika usiku umeme ukikatika, ndiko kunakoua kingamwili nyingi kuliko makosa ya maabara. Kingamwili ya kwanza ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4, ndani ya kontena la plastiki la chakula lenye karatasi zilizoloanishwa, likiwa limelala sawa. Pima-maji ya fundi ujenzi inafaa sana hapa. Kontena likiinama, upande mmoja wa tishu hukauka na kung'aa kama mkesha wa sikukuu. Asubuhi osha mara 3 kwa dakika 5, weka kingamwili ya pili 1:500 kwa saa 1 gizani, DAPI maikrogramu 1 kwa mililita kwa dakika 10.

Slaidi za kulinganishia ziwe kila siku ya kupaka: findo kwa CD8, kondo la nyuma kwa PD-L1, na slaidi moja ya saratani isiyowekwa kingamwili ya kwanza. Weka pia slaidi yenye rangi moja moja, ili uone kama kijani kinavuja kwenye nyekundu. Siku ambayo findo limekataa, picha za siku hiyo hazihesabiwi, hata kama zinapendeza.

Kwenye hadubini kuna jambo linalowapotezea wanafunzi wiki nzima: Alexa 647 haionekani kwa macho. Ukichungulia utaona giza na utadhani kingamwili imekufa. Inahitaji kamera ya rangi moja, ya kijivu. Kamera ya rangi inayotumika kwa slaidi za kawaida za patholojia haitakufaa. Muda wa kufungua kamera uuweke kwa kutumia slaidi inayong'aa kuliko zote, uhakikishe hakuna pikseli iliyojaa, kisha usiuguse tena mpaka slaidi ya mwisho. Zima mpangilio wa kujirekebisha. Hifadhi kwa TIFF. JPEG hubana picha na kubadilisha namba, na wewe namba ndizo unazozitaka.

Tishu ya milimita 15 kwa 15 ikipigwa yote kwa pikseli za maikroni 0.325, rangi nne, biti 16, hufika kama gigabaiti 17. Mara 60, na mizunguko miwili, diski itakulilia. Chagua maeneo: 10 katikati ya uvimbe, 10 kwenye ukingo wake, na uyachague kwa picha ya DAPI pekee kabla hujaona CD8, la sivyo macho yatakimbilia penye nyota nyingi. Ukingo uufafanue mapema. Wengi huchukua maikroni 500 kila upande wa mpaka wa saratani.

Programu ya QuPath ni ya bure na inatosha. Linganisha mizunguko miwili kwa viini vya DAPI, tafuta viini, panua maikroni 3 hadi 5 kupata mwili wa seli, kisha pima kila rangi. Jihadhari na mambo mawili ya titi. Aktini ya misuli laini haipo kwenye fibroblasti pekee: iko kwenye kuta za mishipa, na kwenye seli za mayoepitheli zinazozunguka mirija ambayo saratani haijaivunja. Bila kutenga maeneo hayo kwa mkono, utaandika kwamba mirija mizima imezungukwa na fibroblasti za saratani. Na PD-L1 hukaa kwenye makrofaji pia, ndiyo maana nimekuwekea CD68; PD-L1 iliyo juu ya keratini na ile iliyo juu ya CD68 zina maana tofauti, zihesabu mbalimbali.

Ukimaliza utakuwa na mamia ya maelfu ya seli, na kishawishi cha kuziingiza zote kwenye jaribio moja la takwimu. Usithubutu. Una wanawake 60, au 48. Seli za mwanamke mmoja ni ndugu. Wastani wake ndio uchunguzi mmoja.

Kuhusu PET yenyewe, inafaa pale slaidi inapokwama: mgonjwa mwenye uvimbe mahali pengi, au unayetaka kumfuatilia wiki hadi wiki bila kumkata tena. FDG iliyozoeleka, yaani sukari yenye mnururisho, hupima ulaji wa sukari, si protini uliyoichagua. Za protini zipo. Trastuzumab, kingamwili inayotumika kama dawa, ikiunganishwa na zirkoniamu-89 hutafuta HER2, protini inayozidi kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili nzima huzunguka kwenye damu siku nyingi, kwa hiyo picha nzuri hupatikana siku ya 4 au ya 5, na ndiyo sababu ya kutumia zirkoniamu yenye nusu uhai wa saa 78. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa huongezewa trastuzumab ya kawaida, miligramu 50, ili ini lisiimeze yote. Na kwa tishu ya kando kuna familia ya FAPI, inayoshika protini ya FAP kwenye fibroblasti za uvimbe. Ila FAP iko pia kwenye kidonda kinachopona na kiungo chenye baridi yabisi, hivyo mng'ao wa FAPI peke yake si saratani.

Ukifikiria kuagiza dawa za namna hiyo kutoka Nairobi, ambako kuna saiklotroni, piga hesabu kwanza. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Njia ya Namanga hadi Arusha, kilomita 270 hivi pamoja na mpaka, ikichukua saa 5, itabaki asilimia 15 ya kilichopakiwa. Kufika Moshi itakuwa imeshuka zaidi. Galiamu-68, yenye dakika 68, kwa kawaida haisafirishwi mbali. Mara nyingi hutengenezwa palepale hospitalini kutoka kwenye jenereta ya germaniamu. Chochote chenye mnururisho kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo ina maabara zake Njiro, Arusha. Kwa bloku zako kinachotakiwa ni kibali cha kamati ya maadili ya chuo, na kama hata slaidi moja itavuka mpaka, kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Hicho kiombe sasa hivi, kabla hujaagiza kingamwili, kwa sababu kingamwili ina tarehe ya kuisha.